Sindano za Kichocho na Kuenea kwa Homa ya Ini Aina ya C Nchini Misri, 1918–2023

Utangulizi

Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanyika nchini Misri mwaka 2008 ulipima damu za watu wenye umri wa miaka 15 hadi 59. Asilimia 14.7 kati yao walikutwa na kingamwili za virusi vya homa ya ini aina ya C, maana yake ni kwamba walikuwa wamewahi kuambukizwa, na asilimia 9.8 walikuwa bado na virusi hivyo katika damu siku waliyopimwa. Hakuna nchi iliyojulikana wakati huo kuwa na kiwango cha juu kuliko hicho. Hata hivyo, wingi wa wagonjwa haukuwa ndio jambo la pekee la kuangaliwa katika takwimu hizo. Wazee walikuwa wameathirika kuliko vijana, watu wa mashambani kuliko wa mijini, na wakazi wa Delta ya Nile kuliko wakazi wa mikoa ya mipakani. Ugonjwa ulioachwa ujiendee wenyewe haujipangi hivyo. Mpangilio huu ulidai maelezo ya kihistoria, na maelezo hayo yalikwisha kuanza kutolewa miaka minane kabla ya uchunguzi wenyewe.

Hoja ya insha hii ni kwamba sehemu kubwa ya maambukizi ya Misri ilitokana na tiba ya ugonjwa mwingine, yaani kichocho, na kwamba maambukizi hayo yaliendelea kwa miongo kadhaa bila kutambuliwa kwa kuwa ufanisi wa tiba ulipimwa kwa kipimo kimoja tu: idadi ya watu waliotibiwa na idadi ya mayai ya minyoo yaliyobaki katika mkojo na choo. Kipimo hicho kilikuwa sahihi kwa kichocho. Kwa ini hakikuwa na la kusema.

Ugonjwa usio na haraka

Virusi vya homa ya ini aina ya C huenea hasa kwa damu kukutana na damu. Bomba la sindano lililotumika kwa mtu mmoja likatumika kwa mwingine bila kutakaswa, damu ya kuongezewa isiyopimwa, vifaa vya upasuaji, vya meno, vya tohara au vya kunyolea vyenye mabaki ya damu: hizi ndizo njia zake kuu. Mama anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaliwa, na maambukizi kwa njia ya kujamiiana yapo lakini ni machache. Chakula, maji, maziwa ya mama, kukumbatiana na kula sahani moja haviuenezi. Chanjo yake haijapatikana.

Mtu anapoambukizwa, mara nyingi hasikii lolote. Takriban watu watatu kati ya kumi huondokana na virusi wenyewe katika miezi sita ya mwanzo. Kwa wengine waliobaki maambukizi huwa sugu, na kati yao asilimia 15 hadi 30 hupata makovu makubwa ya ini katika muda wa miaka 20. Wengine huishia kwenye saratani. Muda huo wa miaka 20 ndio ufunguo wa historia yote inayofuata. Mkulima aliyedungwa sindano mwaka 1962 aliweza kulima, kuoa, kuzaa na kusahau kabisa siku ile, kisha akaanza kuvimba tumbo na kutapika damu mwaka 1985, katika kijiji ambacho wakati huo hapakuwa na mtu wa kuunganisha mambo hayo mawili.

Kwa Misri palikuwa na kizuizi kingine cha ufahamu. Kichocho cha matumbo chenyewe huharibu ini. Mayai ya minyoo hunasa katika mishipa yake, tumbo hujaa maji, mishipa ya umio hupasuka na kutoa damu. Dalili hizi zinafanana mno na za ini lililoharibiwa na virusi, kwa hiyo kwa muda mrefu madaktari walizoea kuliona karibu kila ini bovu la mkulima wa Misri kuwa ni ini la kichocho. Mwimbaji mashuhuri Abdel Halim Hafez, aliyezaliwa katika kijiji cha Delta na kufariki London mwaka 1977 kwa madhara ya kichocho alichokipata utotoni, aliufanya ugonjwa huo ujulikane katika kila nyumba yenye redio. Ugonjwa uliokuwa na jina uliufunika ule ambao ulikuwa haujapewa jina.

Maji, pamba na konokono

Kichocho ni ugonjwa wa kale katika bonde la Nile, na mayai yake yamepatikana katika maiti zilizokaushwa za Misri ya kale. Mwaka 1851, akifanya kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Kairo, daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwaona minyoo wenyewe. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper, akifanya utafiti huko huko Misri, alionyesha jinsi vimelea hao wanavyopita kwa konokono wa maji baridi kabla ya kuingia katika ngozi ya binadamu.

Ukale huo, hata hivyo, usiifiche kazi ya karne ya 19. Kilimo cha zamani cha Misri kilitegemea mafuriko ya mwaka. Maji yalijaa katika mabonde yaliyozungushiwa kingo, yakanywewa na ardhi, kisha mashamba yakakauka kwa miezi, na konokono wengi wakafa. Tangu enzi ya Muhammad Ali, na hasa baada ya pamba kuwa zao la kuuzia Ulaya, mifereji ilichimbwa ili maji yapatikane mwaka mzima. Bwawa la kwanza la Aswan lilikamilika mwaka 1902 na kuupanua mfumo huo. Mkulima sasa alivuna zaidi ya mara moja kwa mwaka, na konokono naye akapata makazi yasiyokauka. Katika miaka ya 1930 J. Allen Scott alilinganisha maeneo ya umwagiliaji wa kudumu na yale ya mafuriko ya zamani, akakuta kichocho kimejaa katika yale ya kwanza na ni haba katika ya pili. Pamba, basi, ndiyo iliyotangulia sindano. Dola iliyotaka pamba iliuzidisha ugonjwa, halafu ikatafuta dawa yake.

Dawa ya mshipani

Mwaka 1918 J. B. Christopherson, aliyekuwa akitibu wagonjwa mjini Khartoum, alitangaza kwamba chumvi ya antimoni iitwayo tartari emetiki, ikiingizwa katika mshipa wa damu, huua minyoo ya kichocho. Kwa mara ya kwanza ugonjwa huo ulikuwa na tiba. Misri iliipokea dawa hiyo upesi. Katika miaka ya 1920 vilifunguliwa vituo maalumu vya matibabu pamoja na hospitali za mahema zilizohamishwa kutoka wilaya hadi wilaya. Katika miaka ya 1950, kwa msaada wa kitaalamu wa Shirika la Afya Duniani, kazi hiyo ilipanuliwa ikawa kampeni ya umma, nayo iliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Ni lazima kuieleza tiba hii kwa undani, kwa kuwa hatari yake ilikuwa katika utendaji wake. Tartari emetiki haikufaa kumezwa, kwani hutapisha, kama jina lake linavyosema. Haikufaa kudungwa katika msuli pia, kwa kuwa inaunguza nyama. Ilipaswa kuingia mshipani moja kwa moja. Anayedunga mshipani huvuta kwanza damu kidogo ndani ya bomba ili ahakikishe kuwa sindano imeingia mahali pake, ndipo anasukuma dawa. Hivyo basi, kila dozi iliingiza damu ya mgonjwa ndani ya bomba lenyewe. Kubadilisha sindano peke yake kusingetosha. Na dozi haikuwa moja: tiba kamili ilihitaji sindano kumi na mbili au zaidi, zilizogawanywa katika majuma kadhaa. Mgonjwa aliyevumilia kutapika na kukohoa hadi mwisho alikuwa amekutana na mabomba ya kituo mara kumi na mbili au zaidi, na kila mara katika foleni ya majirani zake.

Mabomba yalikuwa ya kioo. Yalitumika, yakasuuzwa, yakachemshwa, yakarudishwa mezani. Kuchemsha kwa muda wa kutosha kungeviua virusi, lakini muda wa kutosha ndio uliokosekana pale ambapo mamia ya watu walingoja na mabomba yalikuwa machache. Hapa msomaji asidhani kwamba habari hii ni ya wahudumu wazembe. Kasi ilikuwa sifa. Kituo kilichotibu watu wengi kwa siku kilikuwa kituo kizuri, na ripoti zilizotumwa juu zilihesabu waliotibiwa. Aliyechemsha mabomba kwa dakika 20 kila mara angeonekana kuwa anachelewesha kazi.

Yaliyokuwa yakijulikana

Je, waliosimamia kampeni wangeweza kujua? Jibu rahisi ni kwamba virusi vya aina ya C vilitambuliwa mwaka 1989 tu, na kwamba mtu hawezi kulaumiwa kwa kutokijua kitu ambacho hakijagunduliwa. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi.

Tangu karne ya 19 ilijulikana kwamba kitu fulani kinachokaa katika damu ya binadamu kinaweza kuhamishwa na tiba na kuharibu ini. Mwaka 1885 daktari Lürman wa Bremen aliripoti kwamba kati ya wafanyakazi 1,289 wa karakana ya meli waliochanjwa ndui kwa chanjo iliyotokana na majimaji ya mwili wa binadamu, 191 waligeuka macho na ngozi kuwa manjano katika miezi iliyofuata, huku wenzao wasiopewa chanjo hiyo wakibaki salama. Mwaka 1942 wanajeshi wa Marekani wapatao 50,000 walilazwa kwa ugonjwa wa ini baada ya kuchanjwa homa ya manjano kwa chanjo iliyochanganywa na majimaji ya damu ya watu. Mfano ulio karibu zaidi na wa Misri ulitoka Uingereza. Katika kliniki za magonjwa ya zinaa, ambako wagonjwa wa kaswende walidungwa dawa za aseniki mshipani, wengi waliugua ini. Hapo kwanza aseniki yenyewe ilishukiwa. Kufikia mwaka 1945 maafisa wa Wizara ya Afya ya Uingereza walikwisha kuandika katika jarida la Lancet kwamba mhalifu ni bomba la sindano.

Dawa ya metali mshipani, mabomba yanayorudiwa, foleni ya wagonjwa, na ini linalougua baada ya miezi: sura ilikuwa ile ile. Virusi vilivyofanya kazi katika visa vya Marekani vilikuja kuthibitishwa kuwa vya aina ya B, lakini tofauti hiyo haibadilishi somo la bomba. Kwa hiyo ni sahihi zaidi kusema kwamba kanuni ya hatari ilijulikana kabla ya kampeni ya Misri kupanuliwa, ingawa kirusi husika kilikuwa bado hakijajulikana. Kilichokosekana ni njia ya kanuni hiyo kutoka katika kurasa za jarida hadi kwenye hema la kijijini, pamoja na fedha za kuitekeleza. Mabomba ya plastiki ya kutumika mara moja yalikuwa bado ni anasa ya nchi tajiri.

Upande wa pili wa mizani nao una uzito. Kichocho cha kibofu kilikuwa kikisababisha saratani iliyowaua wakulima wa Misri kwa wingi, na kichocho cha matumbo kiliharibu maini. Kuacha kutibu kungekuwa na makaburi yake. Miongo michache baadaye, saratani ya kibofu ilipungua nchini Misri huku ile ya ini ikipanda. Mwanahistoria anayeisoma mistari hiyo miwili pamoja hawezi kuiita kampeni neema wala balaa bila kueleza anamzungumzia nani na mwaka gani.

Ushahidi

Baada ya virusi vya aina A na B kuweza kupimwa katika miaka ya 1970, Harvey Alter na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa wagonjwa wengi wa ini walioambukizwa kwa kuongezewa damu hawakuwa na kimojawapo. Mwaka 1989 Michael Houghton, Qui-Lim Choo, George Kuo na Daniel Bradley walifanikiwa kuvitambua virusi vya aina ya C, na kipimo cha damu kikafuata. Alter, Houghton na Charles Rice walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Kipimo kilipofika Misri mwanzoni mwa miaka ya 1990, zaidi ya mmoja kati ya kila wachangia damu kumi alikutwa na kingamwili.

Mwaka 2000 Christina Frank na wenzake walichapisha katika Lancet makala iliyoyaunganisha mambo haya. Walichukua kumbukumbu za matibabu ya kichocho na kukadiria ni kwa kiasi gani kila rika, katika kila sehemu ya nchi, lilikuwa limedungwa sindano hizo. Kisha walilinganisha makadirio hayo na viwango vya homa ya ini aina ya C. Palipodungwa sana, hasa Delta, virusi vilikuwa vingi, na rika zilizokuwa hai wakati wa kampeni zilikuwa zimeathirika kuliko zilizozaliwa baada yake. Waandishi hao walihitimisha kwamba huenda hayo yalikuwa ndiyo maambukizi makubwa zaidi ya ugonjwa wa damu kuwahi kusababishwa na tiba duniani. Uchunguzi wa vijijini ulitoa picha inayolingana: katika kijiji kimoja cha Delta karibu robo ya watu waliopimwa walikuwa na kingamwili, na katika kijiji cha Misri ya Juu walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi.

Ushahidi wa aina nyingine ulitoka ndani ya virusi vyenyewe. Virusi hivi hubadilika kwa mwendo unaoweza kukadiriwa, kwa hiyo tofauti kati ya sampuli za leo hueleza ni lini ukoo wao ulipanuka. Sampuli nyingi za Misri ni za kundi la kijenetiki la 4, lenye mizizi pia Afrika ya Kati. Oliver Pybus na wenzake walipozichambua mwaka 2003, walikuta kuwa virusi hivyo vilienea kwa kasi kubwa kati ya miaka ya 1930 na 1950. Matokeo haya yanaunga mkono maelezo ya sindano, lakini pia yanayasahihisha: mlipuko ulikwisha kuanza kabla ya kampeni kubwa ya miaka ya 1960. Vituo na mahema ya miaka ya 1920 na 1930, ambavyo kwa kawaida hutajwa kama utangulizi tu, vinastahili nafasi kubwa zaidi kuliko waliyopewa na wengi. Utafiti wa Jacques Pépin na wenzake huko Kameruni na Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako wazee walioambukizwa walikuwa wamepitia tiba za mshipani za enzi ya ukoloni, unaonyesha kuwa Misri haikuwa peke yake.

Pamoja na hayo, nadharia ya sindano za kichocho haielezi kila kitu. Katika uchunguzi wa vijijini, wengi wa walioambukizwa hawakukumbuka kuwahi kudungwa dawa ya kichocho. Kumbukumbu ya utotoni haiaminiki sana, lakini haiwezi kutupwa yote. Tena, prazikwanteli, dawa ya kumeza, ilipochukua nafasi ya tartari emetiki katika miaka ya 1980, maambukizi mapya hayakukoma. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kampeni ilijenga hazina ya watu wenye virusi, kubwa kiasi kwamba kila bomba lililorudiwa, kila kifaa cha daktari wa meno au wembe wa kinyozi, kilikuwa na nafasi kubwa ya kukutana na damu yenye virusi. Katika nchi yenye wagonjwa wachache, kosa moja la kliniki mara nyingi hupita salama. Katika Delta halikupita. Mazoea ya kupenda sindano kuliko kidonge, ambayo miongo ya kampeni iliyastawisha, nayo yalichangia. Katika kupima uzito wa njia hizi za baadaye watafiti bado hawajakubaliana.

Kupima taifa

Mwaka 2006 Misri iliunda kamati ya kitaifa ya kudhibiti homa ya ini, na vituo vya matibabu vikafunguliwa. Dawa ya wakati huo, interferoni ikichanganywa na ribavirini, ilidungwa kwa miezi mingi, ilichosha wagonjwa na ilishindwa kwa wengi. Mwishoni mwa 2013 sofosbuvir iliidhinishwa nchini Marekani kwa bei ya dola 84,000 kwa tiba ya majuma 12. Mwaka 2014 Misri ilifikia makubaliano ya kuipata kwa dola 900, kisha viwanda vya ndani vikatengeneza dawa hiyo na bei ikashuka zaidi. Ukubwa wa janga uligeuka kuwa nguvu ya kununulia.

Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 watu wapatao milioni 49.6 walipimwa katika kampeni iliyoitwa Milioni 100 za Afya, na milioni 2.2 kati yao walikuwa na kingamwili. Safari hii foleni zilikuwa za tone la damu kidoleni, na dawa ilikuwa kidonge. Waliokutwa na virusi walitibiwa bila malipo. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitangaza Misri kuwa nchi ya kwanza kufikia ngazi ya dhahabu katika safari ya kuutokomeza ugonjwa huu.

Dawa mpya huondoa virusi kwa zaidi ya tisa kati ya kila wagonjwa kumi. Kwa wale ambao makovu ya ini yalikwisha kukomaa, hatari ya saratani hupungua bila kutoweka, nao huhitaji kuendelea kuchunguzwa. Wengi wao ni watu waliokuwa watoto vijijini katika miaka ya 1960, waliopangwa mstari mbele ya meza yenye mabomba ya kioo, na ambao katika ripoti za wakati huo waliandikwa kuwa wametibiwa.